Jembe Likigonga Kitu cha Kale

Ukichimba msingi wa nyumba Lamu, Kilwa au Bagamoyo, usishangae kuona vigae vikitoka na kifusi. Mafundi wengi huvimwaga. Kikitokea kimoja kizuri, chenye ile rangi ya kijani ya vyombo vya China, huoshwa kikawekwa kabatini. Mwanaakiolojia angehuzunika kwa yote mawili, maana anachotaka hasa ni kujua kigae kililala wapi, kwa kina gani, na kando yake palikuwa na nini.

Chukua mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate. Katika miaka ya 1980, mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walichimba chini ya msikiti wa mawe, wakakuta chini yake misikiti midogo ya miti, ya mwanzo kabisa ikiwa ya karne ya 8. Miti ilikwisha kuoza. Kilichobaki ni mabaka tu ardhini, pale nguzo zilipokuwa zimesimikwa. Mabaka hayo ndiyo yaliyoonyesha kuwa mji ulikua polepole, kutoka nyumba za miti na udongo hadi za mawe, wala haukuletwa jahazini ukiwa tayari. Sepeto moja ya haraka ingeyafuta, na mchimbaji asingejua kaharibu nini.

Pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, linasema zaidi. Humo wataalamu walikuta mifupa laini mno hata haikushikika. Wakaifunika kwa plasta pamoja na udongo wake, wakaihamisha bonge zima hadi maabara. Ilikuwa ya mtoto wa miaka kama mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita, amelazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa. Jinsi kichwa kilivyoinama ilidokeza kwamba kilikuwa kimewekewa kitu mfano wa mto, ambacho kimeshaoza. Wakamwita Mtoto. Kama mifupa hiyo ingeokotwa mmojammoja, tusingejua kwamba kuna watu waliomlaza kwa huruma.

Kwa hiyo ukikuta kitu, simamisha jembe hapo hapo. Piga picha kikiwa bado ardhini, kalamu au rula kando yake ili ukubwa uonekane, na andika mahali. Usikioshe: chungu hunyonya mafuta ya chakula, na maabara huweza kuyatambua. Makaa nayo yaache, kwani hupimwa umri. Kisha toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au chifu, ambaye ataifikisha kwa wahusika wa mambo ya kale au makumbusho. Ikiwa ni mifupa ya binadamu, polisi waambiwe kwanza. Si kila mfupa ni wa kale.

Tanzania ina sheria ya mambo ya kale tangu 1964, na Kenya ina yake ya 2006. Kuchimbua mabaki haya bila kibali ni kosa. Hilo liwafikie pia wanaovunja makaburi usiku wakitafuta dhahabu wanayoamini ilifichwa na Wajerumani.

Na wanunuzi wa sarafu za kale? Nao wajue kwamba sarafu iliyotengwa na udongo wake hupoteza habari zake. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu tano za shaba za Kilwa mchangani, katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Hazikuwa na tabaka la udongo la kuzisemea, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko.