Kambi ya Barafu Haina Maji: Jinsi ya Kupanga Maji Unapopanda Kilimanjaro

Ukisikia jina "Kambi ya Barafu" utadhani pale maji yamejaa tele. Sivyo. Kambi hiyo iko mita 4,673 juu ya usawa wa bahari, kwenye mgongo wa mawe matupu, na haina mto, chemchemi wala bomba. Kila kikombe cha chai kinachonywewa hapo kimetoka bonde la Karanga, kimebebwa na mtu. Kibo, kituo cha mwisho cha njia ya Marangu, hali ni hiyohiyo. Basi kama unajiandaa kupanda, iwe na wenzako wa kazini kwa ajili ya Siku ya Uhuru, Desemba 9, au na ndugu waliokuja likizo kutoka ughaibuni, tukae kwanza tuhesabu maji kabla hujafunga begi.

Maji yanaishia wapi hasa? Siku za mwanzo usihangaike. Msitu wa chini una mvua nyingi na vijito havikosekani. Ukizidi kupanda miti inakuwa vichaka, vichaka vinakuwa majani ya hapa na pale, mwisho unaingia kwenye kile wataalamu wanachokiita jangwa la mlimani: mvua ni haba, jua linachoma mchana, na mchanga wa volkano unanyonya hata hayo machache yanayodondoka.

Kwa njia ya Marangu, jaza vyombo vyako Horombo (mita 3,720). Mbele kidogo kuna kijito chenye kibao kinachotangaza kwamba hapo ndipo maji ya mwisho. Usikipite hivihivi kwa sababu bado unajisikia una nguvu. Kinachofuata ni uwanda mkavu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, ambao waongozaji huuita Saddle, yaani tandiko la farasi, na ni mwendo wa saa kadhaa usio na kivuli wala tone. Kwa njia za Machame na Lemosho, maji ya mwisho ni mto Karanga. Ukishapanda kutoka bondeni kuelekea Barafu, umeyapa kisogo. Wanaopita Rongai na kulala Mawenzi Tarn wana ziwa dogo pale chini ya Mawenzi. Wakiliacha, hawapati kitu mpaka Kibo, na Kibo nako ni yale yaliyobebwa.

Vijito vidogo hubadilika na majira. Januari na Februari, na tena kuanzia Agosti mpaka mvua za vuli zianze, vingine hupungua sana. Njia bora ya kujua ni kuwauliza wanaoshuka. Njiani watu husalimiana, hivyo usiishie kwenye "Habari za juu?" Ongeza: "Maji yapo?" Mpagazi aliyepita hapo asubuhi ya leo ana jibu jipya kuliko ramani yoyote.

Nibebe kiasi gani? Kwa mtembeaji mmoja, panga kunywa lita 3 hadi 4 kwa siku, ukihesabu pamoja na chai na supu. Anza siku na lita 3 mgongoni unapoingia sehemu kavu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo hizo ni kilo 3 kabla hujaweka koti wala chakula. Ni nzito, ndiyo. Lakini mzigo huo unapungua kila unapokunywa, na hewa kavu ya huko juu inakunyang'anya maji kwa kila pumzi bila wewe kuona jasho.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: tunahesabu chupa zetu tu. Chukua mfano wa kundi la wapandaji wawili. Ukijumlisha mwongozaji, msaidizi wake, mpishi na wapagazi watano, mko watu kumi. Tuseme kila mmoja anahitaji lita 4 pale Barafu, kwa kunywa, kupika na kujaza chupa za usiku wa kileleni. Hizo ni lita 40, sawa na kilo 40. Mpagazi mmoja hatakiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20 za mzigo wa safari. Maana yake maji ya jioni hiyo moja peke yake ni mzigo kamili wa watu wawili, na bado kuna mahema, gesi na chakula. Kundi lisilopanga hivyo huwarudisha vijana Karanga kwa mara ya pili, wakati nawe umeshavua viatu. Au, vibaya zaidi, wapandaji wanakunywa na wapagazi wanalala na kiu. Wagumu, kama wanavyojiita wenyewe, hawatakuja kukulalamikia mlangoni mwa hema.

Kwa hiyo, siku unapozungumza bei na kampuni, kule Moshi au Arusha, uliza wazi: "Maji ya kambi ya mwisho yanabebwa na nani, na ni lita ngapi kwa kila mtu, wafanyakazi wakiwemo?" Kama jibu ni kigugumizi, omba mpagazi mmoja wa ziada aandikwe. Gharama yake ni ujira wa siku na bakshishi, na kwenye bajeti ya safari nzima hiyo ni sehemu ndogo sana. Mimi kwenye hilo sibani hela.

Je, maji ya mtoni ni salama? Yachukulie kuwa si salama, hata yakiwa maangavu kama kioo, maana watu wengi hupita na kulala upande wa juu wa mto. Kuchemsha ndiyo njia ya uhakika zaidi. Kuna jambo moja la kujua: kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo, takriban nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300. Pale Barafu yanatokota kwenye kama nyuzi 85 badala ya 100 za pwani. Yanaua vijidudu bado, ila yaache yatokote kwa dakika 3 nzima ndipo uepue.

Njia ya pili ni vidonge vya klorini, kama WaterGuard vinavyouzwa maduka ya dawa kwa bei nafuu. Soma pakiti kwa makini, kwa sababu vidonge vingi vya nyumbani vimepimwa kwa lita 20. Hivyo vinafaa dumu la jikoni, wala si chupa yako. Muda wa kusubiri ni nusu saa, lakini maji yakiwa ya baridi kali subiri saa nzima. Ukitumia kichujio cha mkononi, lala nacho ndani ya begi la kulalia. Kikiganda, nyuzi zake za ndani hupasuka, nawe hutaona alama yoyote kwa nje.

Usiku wa kileleni, mnapoanza kupanda kama saa sita usiku, tatizo jipya ni maji kuganda. Mfuko wa maji wenye mrija ni mzuri mchana. Usiku mrija huganda kwanza. Tumia chupa ngumu yenye mdomo mpana, ijaze maji ya moto, ivike soksi nene na uiweke kichwa chini, kwa kuwa barafu huanza kutanda juu. Nyingine iweke ndani ya koti. Themosi ndogo ya chai yenye sukari hulipa uzito wake pale Stella au Gilman's, ukingoni mwa kreta, mwili unapokuwa hautaki kitu chochote cha baridi.

Nitajuaje kama nakunywa vya kutosha? Tazama mkojo. Ukiwa wa manjano hafifu, uko sawa. Ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa. Ukianza kuumwa kichwa, mwambie mwongozaji mara moja, kwani kiu na ugonjwa wa mwinuko, yaani madhara ya hewa nyepesi, hufanana mwanzoni, na kunywa maji peke yake hakutibu huo wa pili. Pia usinywe kupita kiasi kwa hofu: maji mengi mno bila chumvi hushusha chumvi ya damu na kukuletea kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Beba pakiti mbili tatu za ORS, ile chumvichumvi tunayowapa watoto wakiharisha.

Na usimalize chupa kileleni. Weka angalau nusu lita ya kushukia, maana jua litakuwa limeshapanda na changarawe ile hukausha koo. Ukirudi Barafu, uliza maji yamebaki kiasi gani kabla ya kuomba ya kunawa uso. Wagumu wana mahema ya kushusha mchana huohuo, na wao pia watakunywa hayohayo mpaka kambi ya Mweka huko chini.