Ukumbusho uwekwe rafu gani? Lugha katika kazi ya kuongoza maktaba ya sanaa

Katika kitivo chetu tumezoea kufikiri kwamba mwanafunzi wa isimu akimaliza masomo atafundisha, atatafsiri, au ataingia redioni. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba anaweza kuhitajika katika maktaba ya sanaa. Mimi nilifika huko kwa bahati. Nilikuwa naandaa TFC yangu juu ya majina ya rangi, nikaenda kuomba kitabu kimoja katika maktaba ndogo ya sanaa ya chuo hapa mjini. Mama anayeiongoza akaniuliza nasoma nini. Nilipojibu kwamba nasoma lugha za Kiafrika, akavuta kiti. «Basi kaa, mwanangu. Hapa kuna kazi ya lugha imenishinda.» Nilikaa miezi minne.

Makala haya yanatokana na miezi hiyo. Nataka kuonyesha kwamba anayeongoza maktaba ya sanaa katika mji kama wetu hufanya kila siku maamuzi ya isimu: neno lipi liwe kichwa, lipi lielekeze kwa lingine, jina la mtu lianzie wapi. Akikosea, kitabu kipo lakini hakionekani.

Kazi nyingine nitazipitia haraka, kwa kuwa si za fani yetu. Vitabu vya sanaa ni vikubwa na vizito, vikisimamishwa migongo hukatika, kwa hiyo Mama huvilaza. Picha huchanwa na wasomaji, kwa hiyo havitoki nje. Mwezi wa nane na wa tisa vumbi huingia hata madirisha yakifungwa. Katalogi za maonyesho ni nyembamba, hazina mgongo wala mara nyingi jina la mwandishi, na ndizo za kwanza kupotea. Tangu Biennale ya Lubumbashi ilipoanza mwaka 2008, Mama huzunguka mwenyewe kuomba vijitabu vyake kabla havijaisha, kwa sababu anajua kwamba baada ya miaka kumi hakuna atakayekuwa navyo.

Sasa tuje kwenye namba. Maktaba nyingi duniani hutumia mpango uliotolewa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Humo sanaa ni 700, uchoraji ni 750, na historia ya uchoraji kwa nchi ni 759. Uingereza ni 759.2, Ufaransa 759.4, Italia 759.5. Ukifika 759.9 umefika kwa «mahali pengine», na ndipo tulipo sisi. Mchoraji wa Kongo hupewa 759.96751. Italia imetumia tarakimu moja baada ya nukta, sisi tano. Wanaisimu tusicheke: Kifaransa ni 440, Kiswahili ni 496.392. Namba ni anwani tu, na nyumba yenye anwani ndefu inaweza kufikiwa pia. Lakini ukisimama mbele ya rafu unaona jambo moja kwa macho: wachoraji wote wa bara zima wamebanwa mwisho wa safu, pembeni.

Namba Mama hawezi kuzibadili. Maneno anaweza. Katika maktaba za Kifaransa, vichwa vya mada huchukuliwa mara nyingi kutoka RAMEAU, orodha ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa iliyoanza kutengenezwa mwaka 1980. Orodha hiyo ilijengwa juu ya ile ya Chuo Kikuu cha Laval, Quebec, na ile ya Laval ilitokana na ile ya Maktaba ya Bunge, Washington. Yaani neno linalobandikwa kwenye kitabu juu ya mchoraji wa Kenya au wa Katuba limepita Washington, Quebec na Paris kabla ya kurudi hapa. Safari ndefu hivyo, neno haliwezi kufika bila kubadilika.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Siku ya pili nilipewa rundo la fishi za kuandika. Kwenye moja kulikuwa na kitabu cha Johannes Fabian cha mwaka 1996, juu ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Nilijua kanuni kama ninavyojua jina langu: jina la ukoo kwanza, halafu koma. Nikaandika «Matulu, Tshibumba Kanda». Fishi ikaingia kwenye M. Wiki tatu baadaye mwanafunzi mmoja wa uchoraji alikuja kumtafuta Tshibumba. Alitazama T, hakuona kitu, akaondoka. Mama aligundua alipokuwa anahakiki sanduku, lakini yule kijana alikuwa amekwisha kuwasilisha kazi yake bila kitabu hicho. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu: «Kwenu, nani huitwa kwa neno la mwisho?»

Swali lake ni somo zima. Kanuni niliyoifuata inadai kwamba neno la mwisho ni la ukoo. Majina yetu hayajengwi hivyo. Huku tunaandika jina, jina la pili, kisha jina la ubatizo kama lipo, na linalomtambulisha mtu ni lile la kwanza. Tena mwaka 1972, wakati wa siasa ya uhalisi, watu walilazimika kuacha majina ya Kikristo, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na picha za kabla na za baada zenye majina tofauti. Ongeza tahajia: Tshi- ni maandishi ya Kibelgiji ya sauti ambayo Kiswahili huandika chi. Mwanafunzi aliyelisikia jina redioni tu atatafuta kwenye C. Na Pilipili Mulongoy, mchoraji wa ndege na samaki, vitabu vingine humwandika Mulongoy Pili Pili. Mwenzake Bela, aliyepaka rangi kwa vidole, mara ni Bela, mara ni Bela Sara. Wote wawili walitoka kwenye karakana iliyofunguliwa na Pierre Romain-Desfossés hapa mjini mwaka 1946, ile inayoitwa Hangar. Maktaba lazima ichague umbo moja na kutoka kila umbo lingine ielekeze huko. Kazi hii haina utukufu wowote. Inachukua mchana mzima kwa mtu mmoja.

Majina ya mahali ni hivyo hivyo. Mji wetu uliitwa Élisabethville hadi 1966. Nchi ilikuwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997. Katanga ikageuzwa Shaba, ikarudi kuwa Katanga, na tangu 2015 tuko Haut-Katanga. Moja ya makala za mwanzo za kueleza uchoraji wa mitaa yetu, ya Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, ilitoka mwaka 1976 na jina lake linataja Shaba. Niliwauliza wenzangu watano wa promosheni yetu wangetafuta neno gani wakitaka habari za wachoraji wa Katanga ya wakati huo. Hakuna aliyesema Shaba. Neno la Kiswahili kabisa, neno la madini yanayotulisha, limegeuka ukuta kati ya mwanafunzi na somo lake, kwa sababu tu hakuna fishi inayosema: Katanga, tazama pia Shaba.

Sasa niingie kwenye mada zenyewe, ambako nilikaa muda mrefu zaidi. Mama alitaka orodha ya vichwa kwa Kiswahili, iende pamoja na ile ya Kifaransa. Nilidhani ni kufungua kamusi. Kwa «uchongaji» na «uchoraji» kamusi ilinisaidia, ingawa hata hapo kuna la kujifunza: kuchonga ni kupunguza mti kwa chombo, na kuchora zamani kulihusu kukata alama juu ya kitu kabla ya kuhusu penseli na rangi. Mpaka kati ya maneno hayo hauendi sawa na ule wa Kifaransa. Lakini mtaani huku hakuna anayesema «picha ya kuchorwa». Tunasema tablo. Nikaandika: Tablo, tazama Uchoraji. Mama akaigeuza: Uchoraji, tazama pia Tablo. Alisema msomaji asifike mlangoni kwake halafu aambiwe amekosea njia.

Halafu ikaja picha ya mwanamke mwenye mkia wa samaki, ambayo kila mtu wa Lubumbashi ameiona ukutani sebuleni kwa mtu. Orodha ya Kifaransa ingesema sirène. Kamusi ya Kiswahili sanifu ikanipa «nguva». Nguva ni mnyama wa baharini. Sisi hatuna bahari. Tuna mito na maziwa, na huko anakaa mamba muntu. Hilo ndilo jina la tablo hizo, na ndilo wachoraji wenyewe wamelitumia. Tazameni umbo lake: sanifu ni «mtu», sisi mtaani tunasema «mutu», lakini hapa nt imebaki, kama katika Kiluba na Kibemba. Ningelisahihisha kuwa «mamba mtu» ningekuwa nimetengeneza neno ambalo hakuna aliyewahi kulitafuta. Nililiandika lilivyo. Hapa ndipo nilipokubali kwamba Kiswahili bora tulichofundishwa si ufunguo wa kila mlango.

Neno lililotushughulisha kuliko yote ni ukumbusho. Linatoka kwa kumbuka, likapata -sh- ya kusababisha, kumbusha, kisha u- mbele na -o nyuma. Si sawa na kumbukumbu, yaani kile unachokumbuka au kilichohifadhiwa. Ukumbusho ni kile kinachokufanya ukumbuke. Waandishi wa ile makala ya 1976 walilikuta neno hili likitumika kueleza tablo za mji wetu: watu walitundika Kolonie Belge, yenye mfungwa na kiboko, ili iwakumbushe na iwafanye wazungumze. Tablo karibu mia moja ambazo Tshibumba alimchorea Fabian juu ya historia ya nchi, miaka ya 1973 na 1974, ziko Amsterdam. Lakini maelezo yake juu yake yalirekodiwa kwa Kiswahili cha huku, yakaandikwa, yakawekwa kwenye intaneti. Mchoraji ameeleza kazi yake kwa lugha yetu, na maktaba ya mji wake ilikuwa haina hata kichwa kimoja cha lugha hiyo.

Mwaka huo huo wa 1996, New York kulifanyika maonyesho makubwa ya sanaa ya Waluba, na kitabu chake kiliandaliwa na Mary Nooter Roberts na Allen Roberts. Mada yake ni kumbukumbu na historia. Humo kuna lukasa, ubao wenye shanga na kauri ambao wajuzi wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kuugusa. Je, lukasa ni mchongo au ni kitabu? (Mama alisema: ingekuwa yangu ningeikataza kutoka nje, hiyo inatosha.) Vitabu viwili, mwaka mmoja, vyote juu ya watu wa Katanga wanaotumia sanaa kukumbuka, kimoja kilikuwa kwa wachongaji, kingine kwa wachoraji, rafu tatu katikati. Kwa namba havitakutana kamwe. Chini ya kichwa Ukumbusho vimekutana.

Asistanti mmoja niliyemsomea rasimu hii alinipinga. Masomo ni kwa Kifaransa, mtihani ni kwa Kifaransa, kwa nini kumchanganya mwanafunzi? Pingamizi lina uzito: kila kichwa cha pili ni kazi mara mbili, na mtu wa kuifanya ni mmoja. Jibu langu ni dogo. Sikuondoa kichwa chochote cha Kifaransa. Na kwa miezi minne niliandika kwenye daftari kila swali lililoulizwa mezani kwa Mama. Wanafunzi huanza kwa Kifaransa, kwa heshima ya mahali. Mama akiuliza «unataka nini hasa?», wanajibu kwa Kiswahili, na ndipo jina la kitu linapotoka: ile tablo ya mamba muntu, bitu ya zamani, bakiboko.

Orodha yetu ina vichwa mia moja na arobaini. Lukasa bado haina mahali. Fishi yake iko chini ya kioo cha meza. Na kwa Tshibumba tumeongeza kadi ya C, ya M na ya K. Yule kijana alirudi kabla ya likizo kutafuta kitu kingine, juu ya Mwenze Kibwanga. Nilimwonyesha sanduku. Alitafuta kwenye K, akakuta kadi inayomrudisha kwenye M, akaniuliza kwa nini tusiviache tu vyote viwili. Nilimwambia amuulize Mama.