Fatwa Bila Ilimu: Msiba wa Agosti 7, 1998

Katika somo hili twataka kulitazama jambo ambalo likitajwa barazani wengi hulipitia juu juu, wakasema, "Hayo ni ya Wamarekani." Siyo. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, yapata saa nne u nusu asubuhi, magari mawili yaliyojaa baruti yaliripuliwa kwenye balozi za Marekani, moja Nairobi na moja Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na Wamarekani katika hao walikuwa 12 tu. Dar es Salaam walikufa 11, wala hapakuwa na Mmarekani hata mmoja. Na Waislamu walikuwamo katika maiti.

Huko Nairobi, kabla ya mripuko mkubwa ulisikika mshindo mdogo wa guruneti. Watu maofisini wakakimbilia madirishani kutazama, na vioo vikawaingia machoni. Ndiyo maana wako waliopofuka siku ile.

Chanzo chake ni nini? Februari 1998 Osama bin Laden na wenzake wanne walitoa tangazo, likachapishwa katika gazeti la Kiarabu la London, kwamba kuwaua Wamarekani na washirika wao, askari na wasio askari, ni faradhi juu ya kila Muislamu. Walitaja majeshi ya Marekani katika Bara Arabu, vikwazo vya Iraq, na Palestina. Madhila hayo hatuyakanushi. Lakini walikuwa nani hata watoe fatwa? Osama alikuwa mtoto wa tajiri wa ujenzi, na Ayman al-Zawahiri, tabibu. Mtu akiumwa na jino hamwendei seremala. Vipi damu za watu zihukumiwe na asiyesomea fiqhi?

Tena wanavyuoni wamekubaliana kwamba mwenye kuingia nchi kwa amani ya wenyeji wake ni haramu kwake kuwahini. Watu hawa waliingia kwa amani. Mmoja wa wanne waliohukumiwa New York mwaka 2001 alikuwa akifanya biashara ya samaki Mombasa, akaoa papa hapa pwani. Mwengine alikuwa na chama cha sadaka Nairobi. Twaona hili la sadaka ndilo baya zaidi, kwani lilitumia jina la yatima kuficha mauaji.

Na yatima ndio waliolipa. Mwaka ule ule serikali ya Kenya ilitangaza kufuta usajili wa vyama kadhaa vya Kiislamu vya misaada. Mripuko wa Kikambala wa Novemba 2002 ukazidisha dhana juu ya watu wa pwani, na mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya kuzuia ugaidi. Kijana wa Majengo au Kisauni akisimamishwa njiani huulizwa maswali ambayo babake hakuulizwa.

Waliojeruhiwa nao wamesahauliwa. Sudan, iliyompa Osama makao hadi 1996, ilikubali mwaka 2020 kulipa dola milioni 335 kwa ajili ya wahanga wa Marekani. Mkenya aliyekuwa akipita njia tu, au akifanya kazi katika jengo la jirani, hakuwamo katika hesabu hiyo.

Somo lijalo, inshallah, tutasoma masharti ya mufti, na ni nani aliye na haki ya kutangaza jihadi.