Shawa inadondosha tu

*Fundi, tangi letu la lita 1,000 liko juu ya bafu, lakini shawa inatoa maji kivivu, hata povu halitoki. Nikifunga pampu kwenye bomba la mtaani itasaidia? Mama Watatu, Mbagala*

Pampu huenda ukaihitaji, mama, ila si kwenye bomba la mtaani. Hapo utawanyonya majirani, na bomba likiwa tupu itavuta uchafu kupitia nyufa.

Kinachosukuma maji yako ni kimo tu: mita 10 huleta presha ya takriban baa 1. Tangi likiwa mita 2 juu ya shawa unapata baa 0.2, na shawa nyingi hutaka zaidi. Kwanza loweka kichwa cha shawa kwenye siki usiku mmoja. Maji yenye chokaa, hasa ya kisima, huziba vitundu vyake. Angalia pia kama koki ya tangi imefunguka yote.

Bado? Funga pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye bomba linalotoka tangini, ile inayojiwasha maji yakitembea. Muulize muuzaji kama huwaka hata mtiririko ukiwa hafifu. Nyingine hazishtuki kabisa. Ikae mbali na manyunyu, na fundi asiruke waya wa ethi. Ukigusa koki ukahisi shoti, zima umeme kwenye swichi kuu, umwite fundi umeme siku hiyohiyo.