Mzazi Anapoanza Kusahau: Fahamu Dalili na Mahali pa Kupata Msaada

Mzazi aliyechuma chai miaka mingi anapotea njia akitoka shambani kwake. Anauliza swali moja mara tano, au anadai ameibiwa pesa ambazo amezificha mwenyewe. Familia nyingi husema ni uzee. Huenda ni dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu, fikira na mwenendo.

Si uchawi wala laana

Aina inayojulikana zaidi ya dimensia ni Alzheimer. Nyingine hutokana na kiharusi, hivyo shinikizo la damu na kisukari visivyotibiwa huongeza hatari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na dimensia. Kutojua kunaua: Oktoba 2021, huko Marani, Kaunti ya Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa wakidaiwa kuwa wachawi. Mzee anayezungumza peke yake au kutangatanga usiku anahitaji daktari.

Anzia wapi?

Mweleze mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, au mpeleke mzazi katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo anaweza kutumwa Hospitali ya Rufaa ya Longisa, Tenwek au Hospitali ya Rufaa ya Kericho.

Omba apimwe kabla ya kukubali kwamba ni uzee tu. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi la shingo, msongo wa mawazo, pombe, baadhi ya dawa, au damu kuvuja kichwani baada ya kuanguka huweza kuleta usahaulifu, na mengi kati ya haya hutibika.

Nenda na:
• dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba;
• maelezo ya mabadiliko uliyoona na yalipoanza;
• mtu anayeishi naye na anayeweza kutafsiri, ikiwa mzazi anaelewa Kipsigis pekee.

Akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Huenda ni maambukizi au kiharusi.

Matunzo nyumbani

Dimensia yenyewe bado haina tiba ya kuiponya, ila kuna dawa zinazopunguza makali kwa baadhi ya wagonjwa. Usimnunulie dawa za usingizi bila ushauri wa daktari. Usibishane naye, mtulize, kisha mbadilishie mazungumzo. Mwekee ratiba moja kila siku, zuia moto wa jikoni, na uwajulishe majirani na Nyumba Kumi, kwani mistari ya majani chai hufanana na mtoni si mbali.

Linda mali yake

Asitiwe kidole kwenye karatasi asizozielewa. Uuzaji wa shamba la kilimo huhitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Familia ipeleke pingamizi mapema. Mahakama pia inaweza kumteua msimamizi wa mali.

Mwangalizi naye ni binadamu

Mara nyingi mzigo humwangukia binti au mke wa mwana mmoja. Ndugu wagawane zamu, na walio mbali wachangie gharama. Msajili mzazi katika SHA kwa kubonyeza *147#. Ikiwa ametimiza miaka 70, uliza katika ofisi ya chifu kuhusu usajili wa Inua Jamii, ambao huwapa wanufaika Sh2,000 kwa mwezi.

Ukiona dalili hizi, usingoje. Fika kituo cha afya wiki hii.