Ritifaa Katika Seva: Usimikaji wa Kamusi ya Python Kwenye Linux

1.0 Utangulizi

Kamusi iliyotungwa kwa miaka mingi yaweza kuwa imehifadhiwa katika kompyuta moja tu ya mhariri wake, na ikapotea siku ile kompyuta hiyo inapoharibika. Ndiyo sababu idara za lugha huhitaji kuziweka kamusi na makusanyo ya matini katika seva, yaani kompyuta isiyozimwa ambayo hupokea maombi ya wasomaji kupitia mtandao na kuyajibu. Kazi hiyo aghalabu huachiwa fundi peke yake. Makala haya yanadai kwamba desturi hiyo ina hasara ya kiisimu. Baadhi ya maamuzi yanayofanywa wakati wa usimikaji ni maamuzi ya kiothografia, na asiyeijua fonolojia ya Kiswahili huyafanya bila kutambua kwamba ameyafanya.

Ushahidi utatolewa kwa kulifuata neno moja, ng'ombe, tangu linapoandikwa na msomaji hadi linapofika katika hifadhidata. Mfano unaotumika ni programu ndogo ya kamusi iliyoandikwa kwa Python juu ya kiunzi cha Flask, ikiwa na hifadhidata ya PostgreSQL katika seva ya Linux ya aina ya Debian.

2.0 Mgawanyo wa Kazi Katika Seva

Flask ina seva yake ndogo ya majaribio. Seva hiyo husimama dirisha la amri linapofungwa, na watunzaji wa Flask wenyewe wanaonya kwamba isitumiwe kuhudumia umma. Kwa sababu hiyo kazi hugawanywa miongoni mwa washirika wanne. Nginx, iliyotolewa na Igor Sysoev mwaka 2004, hukaa mbele kama bawabu: hupokea ombi kupitia mlango namba 443, hufumbua usimbaji wake wa siri, na kulipeleka ndani. Gunicorn hulipokea na kulikabidhi kwa mojawapo ya nakala kadhaa za programu zinazoendeshwa kwa pamoja. Programu yenyewe hulifasiri ombi, na PostgreSQL hutoa data. Aidha, systemd, ambayo ni msimamizi wa huduma wa Linux, huviwasha vyote seva inapoanza na huweza kukiinua tena kile kilichoanguka.

Gunicorn na Flask huwasiliana kwa kufuata mapatano yaitwayo WSGI, yaliyoandikwa mwaka 2003 na kurekebishwa mwaka 2010. Marekebisho hayo yalitokana na Python 3 ya mwaka 2008, ambayo ilitenganisha matini na baiti. Baiti ni namba zinazosafiri mtandaoni, ilhali matini ni herufi zilizokwisha kufasiriwa. Mwanaisimu atatambua hapa uhusiano unaokaribiana na ule wa foni na fonimu.

3.0 Hatua za Usimikaji

Hatua za msingi ni hizi zifuatazo:

(a) Kuunda mtumiaji maalumu wa Linux asiye na mamlaka ya utawala. Programu ikivamiwa, mvamizi hapati zaidi ya haki za mtumiaji huyo.

(b) Kuiwekea programu mazingira yake ya pekee ya Python, na kuorodhesha katika faili vifurushi vyote pamoja na matoleo yake. Python iliyokuja na Debian hutumiwa na mfumo wenyewe, hivyo haifai kuchanganywa.

(c) Kuunda hifadhidata kwa usimbaji wa UTF-8. Mpangilio wa msingi wa kialfabeti huchaguliwa wakati huu, na haubadilishwi baadaye bila kuiunda upya hifadhidata.

(d) Kuitenga nywila ya hifadhidata na programu, katika faili inayosomwa na mtumiaji yule tu.

(e) Kuisajili Gunicorn kwa systemd, kuielekeza Nginx kwake, na kupata cheti cha usalama ambacho kitahuishwa na seva yenyewe kabla ya muda wake kwisha.

(f) Kupeleka nakala ya akiba ya hifadhidata katika kompyuta nyingine kila siku, na kujaribu kuirejesha. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijathibitishwa kuwa nakala.

Hatua hizi zikifuatwa, kamusi itafunguka. Hata hivyo, kufunguka si sawa na kujibu kwa usahihi.

4.0 Safari ya Neno ng'ombe

Katika othografia sanifu, ritifaa katika ng' haiwakilishi herufi iliyodondoshwa. Ni sehemu ya tahajia ya fonimu moja, nazali ya kaakaa laini, na hutofautisha maana. Ng'oa ni kitenzi cha kutoa kitu kilichopandwa au kukitwa, ilhali ngoa ni nomino yenye maana ya shauku au wivu. Tatizo ni kwamba msomaji huweza kuiandika ritifaa hiyo kwa namna mbili, kwani programu nyingi za kuandikia huigeuza iliyo nyoofu kuwa iliyopinda:

(1) a. ng'ombe: ritifaa nyoofu, U+0027, baiti 1
b. ng’ombe: ritifaa iliyopinda, U+2019, baiti 3 katika UTF-8

Katika anwani ya ombi, (1a) husafiri kama ng%27ombe na (1b) kama ng%E2%80%99ombe. Kwa jicho la msomaji hilo ni neno moja. Kwa seva ni mawili.

4.1 Utafutaji na Mpangilio

Ikiwa kamusi imehifadhi (1a) na msomaji akatafuta (1b), atajibiwa kwamba neno halimo. Mwanafunzi wa uzamili anayehesabu vidahizo ataandika matokeo yasiyo ya kweli, na hakuna onyo litakalomzindua. Vilevile, maneno yakipangwa kwa thamani ya baiti, (1a) hutangulia ngalawa, na (1b) huja baada ya ngwe.

4.2 Ukataji wa Maneno

Kanuni ya kawaida ya Python ya kutambua neno, \w+, huzihesabu ritifaa zote mbili kuwa alama za uakifishi. Ng'ombe hukatwa kuwa ng na ombe, na orodha ya marudio ya maneno huingiza kitenzi omba katika hali ya dhamira tegemezi mahali ambapo hakikuwapo. Utafutaji wa matini wa PostgreSQL nao huikata ritifaa nyoofu hivyo hivyo.

4.3 Amri ya Hifadhidata

Katika lugha ya SQL ritifaa nyoofu ndiyo mpaka wa matini. Programu inayounganisha neno la msomaji na amri moja kwa moja huvunjika ipokeapo ng'ombe, kwa kuwa amri hudhaniwa kuishia kwenye ng. Ufa huo ndio autumiao mwenye nia mbaya kupenyeza amri zake. Dawa yake ni kupeleka neno kando na amri, jambo ambalo maktaba za Python za hifadhidata huliruhusu. Kwa hiyo ng'ombe ni mtihani mwepesi wa usalama.

5.0 Mapendekezo na Hitimisho

Fundi aliyekumbana na matatizo haya huvutiwa kuifuta ritifaa. Suluhisho hilo halifai, kwani ng'oa na ngoa huwa neno moja. Linalopendekezwa ni kuteua alama moja na kuigeuza kila ritifaa iwe hiyo, wakati wa kuhifadhi na wakati wa kutafuta. Kwa matumizi ya ndani, U+02BC yastahili kupewa kipaumbele. Unicode huihesabu kuwa herufi, kwa hiyo \w+ haiikati, na hadhi hiyo inalingana na uchambuzi wa kifonolojia. Kwa kuwa haimo katika baobonye za kawaida, ugeuzaji sharti ufanywe na programu. Mpangilio wa kialfabeti nao unahitaji safu yake ya pekee, kwa sababu alama hii pia, ikipangwa kwa baiti, huja baada ya herufi zote za kawaida.

Kabla ya kamusi kufunguliwa kwa umma, basi, itafutwe ng'ombe kwa ritifaa zote mbili, kisha ng'oa na ngoa. Matokeo ya majaribio hayo yasomwe na mwanaisimu na fundi wakiwa pamoja.