Zaburi Saba kwa Mkupuo Mmoja

Muhula huu napenda kueleza habari za kazi ya mzee mmoja wa Marekani, Paul Simon, kwa sababu naona wengi wetu hatujui kusikiliza muziki mpaka mwisho. Wimbo usipotupendeza upesi, twauruka.

Bwana Simon alizaliwa mwaka 1941, akapata sifa miaka ya 1960 alipoimba pamoja na Art Garfunkel. Mwaka 1986 alitoa Graceland pamoja na wanamuziki wa Afrika ya Kusini. Mwaka 2018 aliaga safari za kuimba mji kwa mji, na ungedhani amekwisha pumzika. Lakini Januari 2019 aliota ndoto kwamba anatunga kitu kiitwacho Seven Psalms, yaani Zaburi Saba. Tangu hapo akawa akiamka usiku wa manane kuandika maneno. Albamu ilitoka Mei 2023, naye ana miaka 81.

Sasa angalieni jinsi ilivyoundwa. Nyimbo ni saba, lakini zimeunganishwa kuwa moja ya dakika 33, isiyo na kituo. Kinachosikika zaidi ni gitaa lake. Wimbo wa kwanza, unaomtaja Mungu kwa mifano mingi (mingine ya kutisha), hurudi tena katikati ya nyingine. Aliyeruka hawezi kutambua kwamba umerudi. Karibu na mwisho huingia sauti ya mkewe, Edie Brickell, na hapo ndipo mimi hunyamaza kabisa.

Kazi haijaisha, sikio lake la kushoto likapoteza usikivu kwa ghafula. Hata hivyo aliimaliza.

Mniwie radhi nikijitaja. Sikio langu la kulia halisikii vema tangu nilipougua nikiwa kidato cha pili, na mwaka jana nilijitoa katika kwaya kwa aibu ya kupotoka sauti. Mwalimu wa muziki hakunisema; alituita wanafunzi wanne alasiri moja, akatupigia Zaburi hizi zote. Siku ya kwanza nilisinzia, sitaficha. Siku ya tatu nilitambua wimbo wa kwanza unarudi, kabla ya wenzangu wenye masikio mazima.

Nimekwisha rudi kwaya. Nasimama mwisho wa mstari, upande wa kulia, ili wenzangu wote wawe upande wa sikio langu zima.

Jumamosi baada ya usafi tutazipiga tena katika chumba cha muziki. Ni muda mfupi kuliko kipindi kimoja cha hesabu. Njoni mapema, maana tukianza mlango hufungwa.